Barua ya Kumtukana Ndyamukama

Siku hizi kijana akiomba nafasi ya kusoma anajisifu mwenyewe kurasa tatu bila kupepesa macho, lakini Bukoba ya enzi za Mwingereza mtu aliyemsifu mtoto wake mbele ya wageni alidhaniwa ama amelewa ama ana mpango wa kumuuza.

Leo nchi nzima inawatania Wahaya kwamba hawajui kunyamaza wakiwa na cheti mfukoni, na wanastahili kutaniwa. Lakini ugonjwa huo ulikuja na vyeti vyenyewe. Wazee wao hawakuwa nao. Mzee wa Kihaya akiposewa binti mzuri kuliko wote kijijini, aliwaambia wageni kwamba wamepotea njia. Nyumba hii haina binti, alisema, ila kuna kitu fulani huko jikoni kinachounguza ndizi kila siku na kulala mpaka jua lipande. Wageni nao wakajibu kwamba hichohicho ndicho wanachokitaka, maana kijana wao naye ni hasara tupu. Wakaendelea hivyo mchana kutwa, wakitafuna kahawa, na hakuna tusi lililoeleweka vibaya.

Saburi bin Mustapha alikuwa mwandishi wa barua. Babu yake alifika Bukoba na misafara kutoka pwani, akaoa Mhaya, akasahau kurudi. Saburi mwenyewe alikaa mtaa wa Bakoba na mkewe Zuena, na kila asubuhi alifunga mashine yake ya kuchapa kwenye baiskeli akaenda kuketi kwenye baraza ya duka moja la vitambaa mjini. Watu walimjia na mashauri yao, yeye akayageuza kuwa Kiingereza.

Kiingereza hicho hakukipata darasani. Alifagia ofisi ya bwana shauri miaka tisa, na chuo kikuu chake kilikuwa kapu la taka. Kila jioni alilimwaga ndani ya mfuko, akaenda nao nyumbani, akasoma barua zilizotupwa mpaka akajua serikali inavyokohoa. Alikuwa na kamusi moja ambayo mchwa walikuwa wameila kuanzia herufi ya S. Kwa hiyo Kiingereza chake kilikuwa imara mpaka R, na baada ya hapo alikwenda kwa kubahatisha.

Alikuwa na sheria moja tu ya kazi, na alimwambia kila mteja kabla hajaingiza karatasi kwenye mashine: "Naandika kinachosemwa. Sipunguzi, siongezi. Ukitaka kuongezewa, nenda kwa wakili."

Novemba ya mwaka 1955, senene wakiwa wameanza kuanguka, alikuja Ndyamukama. Huyu alikuwa mtoto wa mkulima Mlutheri wa Kamachumu, aliyefika Makerere, akavaa joho, akarudi nyumbani kufundisha sayansi katika shule moja ya misheni kule Muleba. Jumamosi akija mjini alipitia kwa Saburi, akamwazima vitabu vyake vya kemia. Saburi alivisoma vyote, ingawa kuanzia salfa alihitaji msaada. Mjini pale hapakuwa na msomi mwingine aliyemwita Saburi "bwana" bila kucheka.

"Hii karatasi ni ya nini?" Saburi aliuliza.

"Ni fomu, Bwana Saburi. Naomba digrii ya utafiti Uingereza. Kemia."

"Kemia si umeimaliza Makerere? Ilibaki?"

"Makerere nilisoma waliyoyagundua wengine. Sasa nataka kugundua yangu. Kemia ya vitu visivyo na uhai: mawe, chumvi, vyuma."

Leo somo hilo lina jina lake zuri, kemia isokaboni, na wapo vijana wanaolitamka kama maji ambao hawajawahi kuokota jiwe. Ndyamukama hakuwa na jina. Alikuwa na jiwe. Alilitoa mfukoni, bonge jeusi lenye matundu kama mkate uliounguzwa, akaliweka juu ya mashine.

Saburi aliliangalia. "Haya ni mavi ya chuma."

"Ndiyo."

"Umetoka Kamachumu, ukaenda Makerere, ukafundishwa na Wazungu, ili urudi uokote mavi."

"Yametoka kwenye tanuri la Mzee Kagaruki wa kwetu, aliyekuwa akiyeyusha chuma," Ndyamukama alisema, wala hakukasirika. "Nimeyapima kwa vifaa vya shule, ambavyo ni mizani moja na kibiriti. Wazee wale walipata chuma kigumu kuliko majembe yanayoletwa na meli. Nataka kujua kwa nini. Nadhani siri ipo kwenye matete ya bwawani waliyoyachoma ndani ya shimo kabla ya kuwasha tanuri, lakini kudhani hakunipi digrii."

Akaeleza shida yake. Chuo kilitaka barua mbili za ushuhuda. Ya kwanza mwalimu wake wa Makerere alikuwa amekwisha kuituma. Ya pili ilitakiwa itoke kwa mtu wa heshima, asiye ndugu, anayemjua tangu utotoni, na aifunge mwenyewe ili mwombaji asiione. Mkuu wake wa shule, Mzungu, alikuwa amekataa. Alisema Mwafrika ajifunze kwanza kutengeneza sabuni, habari za utafiti zitafuata.

"Kwa hiyo?"

"Mzee Kagaruki amekubali. Atakuja kwako Jumatano, wewe uandike kwa Kiingereza. Ila nakuomba, Bwana Saburi, iende upesi. Chama cha wakulima wa kahawa kimeahidi kunilipia, mradi chuo kinikubali kabla ya mwisho wa Machi. Ikipita hapo, nafasi anapewa kijana mwingine anayetaka kusomea sheria."

"Mwanasheria mwingine!" alisema Saburi. "Basi hilo hatuwezi kuliruhusu."

Mzee Kagaruki alishuka kwenye lori la Kamachumu Jumatano saa nne, amevaa kanzu na koti la kizungu lililokuwa limemchoka. Zamani alikuwa mkungu, mkubwa wa kijiji chini ya Mukama, mfalme wa kwao, na sasa alikuwa mzee wa kanisa. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa myeyushaji wa chuma, wa mwisho mwisho kule kwao, kabla majembe ya dukani hayajaizima mioto yote. Alimpa Saburi kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kifuko cha majani ya migomba, akakataa kiti, akasimama kama anayetoa ushahidi barazani.

"Haya, waitu," Saburi alisema kwa Kihaya, kwa heshima. "Wanauliza habari za Ndyamukama."

"Kumbe wanamtaka."

"Wanauliza tu."

"Wametuma washenga wa karatasi," alisema Kagaruki, akiitazama fomu kwa dharau. "Watu wazima, hawakuweza hata kuja. Andika."

Akasema, na Saburi akaandika. Kwa Kiswahili barua ile ingesomeka hivi:

"Kwa wakubwa wa chuo. Mnamuulizia Ndyamukama. Sijui mmemsikia wapi, maana hapa kwetu hakuna mtu wa kutangaza. Alipokuwa na miaka saba alinivunjia mirija mitatu ya mivukuto ili aone upepo unapita wapi. Nilimchapa. Kesho yake alirudi akauliza kwa nini tunachoma matete ya bwawani na si majani ya migomba. Nilimwambia, kwa sababu baba yangu alichoma matete. Hakuridhika. Alikwenda akachomeka majani ya migomba kwa siri kwenye shimo langu, akaniharibia chuma cha siku nzima, kisha akaja kunionyesha uharibifu wake kana kwamba ameniletea zawadi. Mkimpa ng'ombe achunge, mtamkuta ameketi anapima mawe na ng'ombe wameingia kwenye shamba la watu. Hajui kucheza ngoma, hajui kunywa, na mwanamke atakayemtaka simjui. Neno la mkubwa haliamini mpaka alione kwa macho. Huandika kila kitu kwenye daftari, hata makosa yake mwenyewe, asiyaache yasahauliwe kama watu wengine. Sisi tumeshindwa naye. Nyumba zetu hazina mtoto wa kuwapa. Lakini kama mmekwisha kumng'ang'ania, basi mchukueni, na msije mkamrudisha mkisema hatukuwaambia."

Vidole vya Saburi vilisita mara moja tu, pale kwenye mwanamke. Kisha vikaendelea.

Wala usimwone mjinga. Saburi alikuwa amefikiri, na alifikiri kwa ushahidi. Katika kapu la taka alikuwa amesoma mamia ya barua za serikali. Bwana shauri alipomnyang'anya mtu kiwanja, alimalizia: "Nina heshima ya kuwa, Bwana, mtumishi wako mtiifu kabisa." Alipomfunga mtu miezi sita, alikuwa bado mtumishi wake mtiifu. Saburi aliamua zamani kwamba hakuna kabila duniani linalojishusha kama Waingereza, na kwamba kwa jambo hilo Mhaya na Mwingereza ni ndugu. Wazee wa chuo kule wangeisoma barua ya Kagaruki, wangetabasamu, wangesema: hawa ni watu waungwana, wanajua kumtoa mtoto.

Kagaruki aliweka sahihi kwa herufi kubwa alizofundishwa kanisani, akalamba bahasha, akaibandika kwa ngumi.

"Umeandika yote?"

"Yote, waitu."

"Isije ikawa umemsifu."

"Sikumsifu hata kidogo."

"Vizuri. Maana mtoto yule ni..." Mzee alianza, akajikamata, akatia kahawa mdomoni ili kinywa kipate kazi nyingine. Barua ikaondoka na ndege wiki ileile.

Noeli ikapita, senene wakaisha. Jumamosi moja ya mwisho wa Januari Ndyamukama alikuja na nakala ya barua ya mwalimu wake wa Makerere. Mwalimu mwenyewe alikuwa amemtumia kwa posta, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha bila kuonekana ana majivuno, alimletea Saburi.

Saburi akasoma. Mwanafunzi bora kuliko wote niliowafundisha kwa miaka kumi. Akili ya pekee. Mwenye bidii isiyo na mfano. Akainua macho.

"Huyu mwalimu mmekosana?"

"Kwa nini?"

"Mbona anakusifu hivi? Anakutakia mabaya?"

Ndyamukama akacheka. "Ndivyo barua hizi zinavyoandikwa, Bwana Saburi. Kila mtu ni bora kuliko wote. Mwalimu akiandika tu kwamba fulani anajitahidi, fulani kwisha habari yake. Kamati inaelewa kwamba ni mbumbumbu."

Kikombe cha chai kilikuwa njiani kuelekea mdomoni kwa Saburi. Kilirudi mezani.

"Na akiandika... tuseme, akiandika kwamba wameshindwa naye?"

"Hilo nani ataliandika? Labda adui."

"Aha," alisema Saburi. "Adui."

Siku ile alifunga kazi mapema, jambo ambalo wenye maduka waliliona na kuliongelea. Nyumbani alimkuta Zuena anakaanga samaki wa kuuza sokoni. Akamweleza yote, akiwa amesimama mlangoni na baiskeli mkononi.

"Wewe si ndiye unayeandika kinachosemwa?" Zuena aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Basi kimesemwa, umekiandika. Kaa ule."

"Zuena, nimemharibia kijana wa watu."

Zuena akageuza samaki. "Ulipokuja kuniposa, baba yangu alisema mimi ni kiziwi na mguu wangu mmoja ni mfupi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Mjomba wangu alicheka mpaka akamwaga kahawa."

"Ndiyo maana nipo hapa, kwa sababu mjomba alicheka. Sasa huko Ulaya, barua inasomwa, nani yupo wa kucheka?"

Saburi hakupata usingizi wa mchana wala hamu ya samaki. Jumatatu alipanda lori la Kamachumu. Mvua ilikuwa imeigeuza barabara kuwa uji, abiria walishuka kusukuma mara tatu, na alifika kwa Kagaruki amevaa udongo mpaka magotini. Mzee alikuwa ndani ya kibanja chake, shamba la migomba, akipunguza majani makavu kwa kisu cha ndoano, chuma chake mwenyewe, kilichokuwa hakijapinda kwa miaka thelathini.

"Mswahili wangu!" alisema. "Wamekuja kumchukua?"

"Waitu, tumekosea. Kule wao husifu." Akamweleza habari ya barua ya mwalimu. "Tuandike nyingine. Sentensi mbili tu. Sema ana akili. Sema ana bidii."

Kagaruki akashusha kisu. "Unataka nimsifu mwanangu kwa watu nisiowajua, kama Mhindi anavyosifu kaniki?"

"Huko ndiyo desturi, waitu."

"Desturi ya watu gani? Nikisema ana akili, watauliza mbona namtoa. Mtu anatoa kizuri chake bure? Watajua kina ufa."

"Hawatauliza. Wao wakiambiwa kibovu wanaamini ni kibovu."

"Basi ni wajinga, na asiende kusoma kwa wajinga."

"Asipokwenda, atabaki Muleba anafundisha watoto kunawa mikono!"

"Na akibaki nitafurahi!" Mzee alipaza sauti hadi kuku wakatawanyika. "Nani alikuambia mimi nataka aende? Alikuja kuniomba, nikakubali, nikamtoa kama mtoto anavyotolewa na watu wenye adabu. Nina wana wanne, Saburi. Wote wamepanda kahawa, wote wamejenga nyumba za bati. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuvunja mrija wangu."

Nyuma ya nyumba, mahali pa tanuri la zamani, paliota magugu juu ya mabonge meusi. Kagaruki akakata mkungu mdogo wa ndizi, akampa Saburi abebe, maana mgeni haondoki mikono mitupu hata akiwa amekuja kuudhi.

Jumanne asubuhi Saburi aliketi barazani, akamrudisha mteja wa kwanza, akamrudisha wa pili, akaingiza karatasi safi kwenye mashine. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, hapakuwa na mtu aliyesimama mbele yake akisema. Ilimbidi aseme mwenyewe, na hilo lilimtoa jasho kuliko kusukuma lori.

Aliandika kurasa nne. Aliwaeleza wakubwa wa chuo namna posa inavyokwenda kwa Wahaya. Aliwaeleza habari za mirija, kwamba Mzee Kagaruki anapoitaja uso wake hung'aa. Aliwaambia kwamba mkwewe mwenyewe alisema Zuena ni kiziwi mwenye mguu mmoja mfupi, na kwamba kwa miaka kumi na saba sasa Zuena amesikia kila alilolisema Saburi, hata yale aliyoyasema kimoyomoyo. Alifika mwisho, akaanza kupiga maneno ya mtumishi mtiifu, akasimama. Aliogopa safari hii wangemwamini. Akaandika jina lake tu: Saburi bin Mustapha, mwandishi wa barua, Bukoba. Barua elfu kadhaa zilikuwa zimepita chini ya vidole vyake, na jina hilo halikuwahi kuwa chini ya hata moja.

Aliipeleka posta mwenyewe, akasubiri aone inagongwa muhuri. Kwa Ndyamukama hakusema neno. Februari nzima kijana alikuja kila Jumamosi akauliza kama meli imeleta kitu, na Saburi akajibu kwamba posta si yake. Machi ikaingia. Kijana wa sheria alikuwa ameshashona suti. Fundi wake alikuwa jirani ya baraza, na Saburi aliilaani kila sindano.

Tarehe ishirini na saba Machi Ndyamukama alitokea kwenye kona ya barabara akitembea haraka, bahasha mkononi, imefunguliwa. Hakusalimia.

"Bwana Saburi. Mliandika nini?"

Saburi akasimama. "Tuliandika kilichosemwa."

"Mlinitukana mpaka Uingereza!"

"Tulikutukana," Saburi alikiri.

"Hata habari za mwanamke?"

"Hizo alizisema mzee. Mimi sipunguzi."

Ndyamukama akamtupia barua juu ya mashine, akaketi kwenye kiti cha wateja, akafunika uso kwa viganja. Mabega yalikuwa yanatikisika, na Saburi alidhani analia mpaka aliposoma.

Profesa alikuwa ameandika kwa mkono, mwandiko mbaya kama wa daktari. Alisema amesoma barua za ushuhuda kwa miaka thelathini, na kila moja ilimwambia kwamba mwombaji ni bora kuliko wote, hata akaanza kujiuliza wale wengine hufichwa wapi. Barua ya Bwana Kagaruki, ambayo aliinukuu mpaka pale kwenye mwanamke, ilikuwa ya kwanza kumweleza mwombaji hufanya nini akiachwa peke yake. Mtoto anayevunja mirija mitatu, akachapwa, akarudi kesho na swali jingine, na anayeandika makosa yake kwenye daftari, huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta, na kamati yote imekubali. Nafasi ni yake kuanzia Oktoba. "Mwambie Bwana Kagaruki," alimalizia, "kwamba tumeipokea hasara yake, na hatutairudisha."

Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili zaidi. Maelezo ya Bwana Saburi yalifika baada ya kamati kuamua, kwa hiyo hayakuhitajika. Lakini mke wa profesa ameyasoma kwa sauti mezani mara mbili, na anauliza Bibi Zuena hajambo.

Saburi aliisoma mistari ile, akairudia. "Hayakuhitajika," alisema.

"Lakini mara mbili, Bwana Saburi," Ndyamukama alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Mezani."

Zuena alipoambiwa jioni ile aliuliza swali moja tu, nalo ni kwa nini mwanamke wa Ulaya ajue habari za mguu wake.

Kijana wa sheria alivaa suti yake kwenye harusi ya dada yake. Yaliyofuata yanasemeka kwa kifupi, na hayafurahishi. Ndyamukama aliipata digrii yake, na katika kitabu alichokiandika jina la Kagaruki lipo ukurasa wa kwanza. Mzee hakuliona, alikufa mwaka uliotangulia, akiwa chini ya mgomba wake akikata majani. Ndyamukama alipewa kazi huko huko, kisha nchi nyingine, kisha nyingine. Kadi zake za Noeli zilikuja kwa miaka mingi, halafu hazikuja. Mabonge meusi ya tanuri yalichukuliwa na watu wa barabara wakafukia mashimo. Mashine ya Saburi ilinunuliwa na kinyozi anayeiweka dirishani kama pambo. Na siku hizi barua za ushuhuda huandikwa na mwombaji mwenyewe, mkubwa akatia sahihi bila kusoma, na kila mmoja ni mchapakazi, mbunifu, kiongozi wa kuzaliwa, na ukimuuliza hufanya nini akiachwa peke yake anaitazama simu yake.

Mara ya mwisho Saburi kuwaona wawili wale pamoja ilikuwa gatini Bukoba, Agosti ya 1956, meli ya Kisumu ikiwa imeanza kutoa moshi. Nusu ya Kamachumu ilikuwa imeshuka kumsindikiza kijana. Kagaruki alisimama mbele, koti lilelile, kifuko cha kahawa kwapani, akimtangaza kwa watu wote na wapagazi wa bandari.

"Mtazameni! Viatu vimefungwa kama mzigo wa kuni! Anakwenda kufundishwa chuma na watu ambao jembe lao linapinda kwenye udongo wa mvua!"

"Nakwenda, tata," Ndyamukama alijibu, akimwita baba kwa Kihaya, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mabohari. "Namwacha nyuma mzee aliyechoma matete miaka arobaini na hajui kwa nini."

Watu wakashangilia. Kijana akachuchumaa mbele ya mzee kwa adabu, mzee akamgusa kichwani kidogo tu, kama mtu anayepima kama chungu kimepoa, akamtia kile kifuko cha kahawa mfukoni. Kisha kengele ikalia, watu wakapanda, kamba zikafunguliwa. Mama yake Ndyamukama alilia, wanawake wakaimba. Meli ikageuka taratibu, ikaelekeza pua kisiwa cha Musira, na yule kwenye reli aliyekuwa akipunga kofia akawa mdogo, akawa alama nyeupe, akawa moshi.

Kagaruki hakuwa amepunga mkono. Alisema kitu, taratibu, mdomo haukufunguka sawasawa.

"Umesema, waitu?" Saburi aliuliza.

"Nimesema hajazaliwa mwingine kama yule."

Saburi akamgeukia. Mzee alikuwa anatazama maji.

"Hilo," alisema Kagaruki, "usiliandike." Akachukua fimbo yake, akaelekea kwenye lori la Kamachumu, na alipanda mbele kwa dereva bila kugeuka nyuma.